Harusi Jumamosi, Ndege Jumatatu: Mwongozo wa Fungate ya Nje kwa Wasiopanga Mapema

Sisi hatukuwa na mpango wa kwenda popote. Tulikuwa tumejiwekea siku tatu Bagamoyo, kisha kila mtu arudi kazini. Siku kumi na moja kabla ya harusi, Jumanne usiku, mjomba wa mume wangu akapiga simu kutoka Mwanza: mchango wake hautapitia kwenye kamati, ni wa kwetu wawili. "Mkapumzike mbali," akasema, "mahali ambapo hakuna wa kuwabishia hodi." Usiku ule hatukulala, tulikuwa tunatazama ramani kwenye simu. Jumatatu baada ya harusi tulikuwa Kigali.

Haya ninayoandika yametokana na safari ile, na makosa ya mashoga zangu walioolewa kabla yangu na baada yangu. Nimeandika kwa jicho la Mtanzania anayeondokea Dar es Salaam. Mkenya au Mganda atabadilisha mambo machache, nitayataja tukifika hapo.

Fungate, kwa waliokuwa nalo neno hili tangu zamani, ni zile siku saba za mwanzo wa ndoa: bibi harusi hatoki, hapiki, hateki maji, analetewa kila kitu ndani. Ndege haikuwemo. Kwa hiyo usikubali kuhangaishwa na mambo ya picha na orodha za vivutio. Katika safari ya haraka yapo manne tu ambayo fedha wala kujuana hakuwezi kuyakimbiza: pasipoti, chanjo, visa, na jina lililoandikwa kwenye tiketi. Hayo yashike leo, kabla hujalala. Mengine yatakukuta njiani.

Hatua ya 1: Itoe fedha ya fungate kwenye daftari la kamati

Kamati ya harusi ni kama moto wa kuni, ukiulisha unakula. Ikijulikana kuna kiasi fulani kimetengwa kwa ajili ya safari, wiki ya mwisho atatokea mtu wa mapambo anadai nusu yake iliyobaki, au vinywaji vitakuwa vimepungua kreti kumi, na mwenyekiti atakuja kwa sauti ya upole: "Tunaazima tu, michango ya baada ya harusi itarudisha." Hairudi. Ahadi zisizolipwa kabla ya sherehe hulipwa na wachache sana baada ya watu kula wali.

Fedha ya safari iwe kwenye simu au akaunti ya mmoja wenu, na ajue mtu mmoja tu wa familia, basi. Sisi tulimwambia wifi yangu mkubwa pekee, kwa sababu lazima awepo mtu anayejua mlipo. Shangazi wakiuliza mnakwenda wapi, jibu ni moja: "Bado tunaangalia."

Hatua ya 2: Fungua pasipoti zote mbili, usome kurasa

Usiseme "ninayo." Ifungue. Angalia mambo matatu.

La kwanza ni tarehe ya kuisha. Nchi nyingi, na mashirika mengi ya ndege, hutaka pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita tangu siku ya kuingia. Pasipoti iliyobakiza miezi minne kwako ni nzima, kwa mtu wa kaunta ya uwanja wa ndege ni karatasi tu.

La pili ni kurasa tupu. Wafanyabiashara wanaovuka Tunduma na Namanga kila wiki hujaza mihuri bila kujua. Afrika Kusini, kwa mfano, inataka kurasa mbili tupu.

La tatu ni majina: yalingane herufi kwa herufi na yatakayokwenda kwenye tiketi. Nitalirudia hili mbele kwa sababu ndilo linalowaliza wengi.

Kama mmoja wenu hana pasipoti, maombi ya ile ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa Tanzania Januari 2018, hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Utahitaji kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa chako na cha mzazi au kiapo, na ada ni shilingi 150,000. Kinachochelewesha watu mara nyingi ni cheti cha mzazi kilichobaki kijijini, au jina lililoandikwa Mwanahamisi huku na Mwanakhamis kule. Ukiona majina yana tofauti, tafuta wakili wa kiapo siku hiyohiyo, usisubiri ofisa akurudishe.

Isipowezekana kabisa, ipo Hati ya Dharura ya Safari, ambayo Uhamiaji huwapa Watanzania wanaokwenda nchi jirani na hutoka haraka kuliko pasipoti. Haikufikishi visiwani wala Uarabuni, ila Mombasa mtafika. Ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavukiana wao kwa wao kwa kitambulisho cha taifa tu. Sisi hatumo kwenye utaratibu huo, kwa hiyo usidanganywe na rafiki wa Nairobi anayekwambia "beba ID tu."

Hatua ya 3: Chanjo, kwa kuhesabu siku kurudi nyuma

Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, haianzi kufanya kazi siku unayochomwa. Inaanza kutambulika baada ya siku kumi. Hapo ndipo haraka yote inapogonga ukuta. Harusi ikiwa Jumamosi na safari Jumatatu, chanjo lazima iwe imechomwa wiki iliyotangulia ile ya harusi. Mume wangu alichomwa Jumatano, kesho yake baada ya simu ya mjomba, na mpaka Jumatatu ya safari siku zilikuwa kumi na mbili. Tungezembea hadi Jumamosi ile tungeingia kwenye mahesabu ya kuomba huruma.

Uzuri wake ni kwamba ukichomwa mara moja imetosha. Tangu Julai 2016 cheti kinatambulika maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Itafute kwenye makabati kabla ya kwenda kuchomwa tena. Na kama kuna uwezekano bibi harusi ni mjamzito, mwambie mhudumu kabla ya sindano, kwa sababu chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa na kwa kawaida wajawazito hawapewi hivihivi. Usione haya, wahudumu wa afya hawaandiki umbea.

Usidharau kadi hii eti unakwenda nchi ambayo haiidai kwa mtu anayetoka Tanzania. Ukiunganisha ndege Nairobi, Entebbe au Addis Ababa na kukaa uwanjani zaidi ya saa kumi na mbili, nchi nyingi zitakuhesabu umetoka huko, na anayetoka huko hudaiwa kadi.

Hatua ya 4: Pasipoti yako ndiyo ikuchagulie nchi

Watu huanza na picha nzuri, kisha wanakuta visa inachukua wiki tatu. Geuza utaratibu: kwanza orodhesha unakoweza kuingia bila kuomba, halafu chagua pazuri humo.

Ulaya iondoe kabisa. Uamuzi wa visa ya Schengen kwa kawaida huchukua hadi siku 15 tangu maombi yapokelewe, na kabla ya hapo kuna kusubiri nafasi ya kupeleka maombi. Hiyo ni safari ya maadhimisho ya mwaka mmoja. Dubai inawezekana kwa haraka kupitia wakala au shirika la ndege, ila visa ni lazima, na ukienda kati ya Juni na Agosti joto lake halina adabu, mtaishia madukani mkitafuta kiyoyozi.

Visiwani ndiko kunakovutia wengi. Shelisheli haina visa kwa mtu yeyote, lakini lazima uombe kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kupanda ndege, ukiwa na tiketi ya kurudi na mahali pa kulala palipothibitishwa. Morisi nayo haimdai Mtanzania visa, ila watataka kuona hoteli na tiketi ya kurudi. Maldivi hutoa kibali cha siku 30 ukifika, na kuna fomu ya mtandaoni ya kujaza ndani ya saa 96 kabla ya safari. Huko kuna mtego ambao wenye haraka hawauoni: hoteli nyingi ziko kwenye visiwa vya mbali, na ndege ndogo zinazotua majini huruka mchana tu. Ukitua jioni utalala karibu na uwanja kwa gharama yako, na usafiri wa kwenda kisiwani wakati mwingine unakula kuliko chumba. Uliza bei ya usafiri huo kabla ya kuuliza bei ya kitanda.

Afrika Kusini haina visa kwa ziara fupi. Cape Town ni pazuri sana, ila kumbuka majira yao yamepinduka: Juni na Julai ni baridi na mvua, na bahari yake haiogeki kama ya Kigamboni.

Kwa mfuko mdogo, mimi ningemshauri mtu Diani, pwani ya kusini ya Kenya, kwa basi kupitia Tanga na mpaka wa Horohoro. Na hapa kuna kosa la kizembe linalofanywa na wengi: wanakata tiketi hadi Mombasa mjini, wanavuka kivuko cha Likoni na mizigo, wanalala, kesho yake wanavuka tena kurudi Diani. Basi linalotoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka huo, linapita Msambweni na Ukunda kabla ya kufika Likoni. Mwambie kondakta akushushe Ukunda, na ufukweni pa Diani ni hapo pembeni tu kwa bajaji.

Sisi tuliichagua Rwanda. Hakuna visa, ndege ya moja kwa moja kutoka Dar ni chini ya saa mbili, na mume wangu aliyekulia Mbeya alikuwa ameapa kwamba joto la pwani halifai kwa watu waliooana juzi.

Hatua ya 5: Tiketi. Soma jina, soma tarehe, soma saa, kisha mpe mtu mwingine asome

Jina kwanza. Shoga yangu mmoja alinunuliwa tiketi na kaka yake kama zawadi. Kaka kwa furaha akaandika jina la ukoo la mume. Pasipoti ya bibi harusi ina jina la baba yake, na itaendelea kuwa nalo mpaka aibadilishe. Kaunta wakamkatalia. Mume alikuwa ameshapita, anapunga mkono kwa ndani. Walinunua tiketi nyingine palepale kwa bei ya palepale. Ukiolewa Jumamosi, kwa upande wa uwanja wa ndege Jumatatu wewe bado ni binti wa baba yako. Cheti cha ndoa kibebe, angalau picha yake kwenye simu, lakini tiketi hakibadilishi.

Tarehe na saa sasa. Hapa sisi tunaosema Kiswahili tuna balaa letu wenyewe, na mimi nilikuwa nusura niwe mhanga. Ndege yetu ilikuwa imeandikwa 03:40, Jumatatu. Nilimtumia shemeji, mdogo wake mume wangu, picha ya tiketi ili atupeleke uwanjani. Akajibu kwa dole gumba. Jumapili ile tulikuwa Tabata kwa mama mkwe, watu wanahesabu zawadi, mimi miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi kwa sababu ya viatu vya Jumamosi. Saa nne usiku shemeji anaaga: "Basi kesho saa moja asubuhi niko hapa, saa tatu na dakika arobaini si mbali." Tukamwitikia, usiku mwema. Wifi yangu ndiye aliyenyanyua kichwa. Yeye ni muuguzi, anaandika saa za zamu kwa mtindo wa saa ishirini na nne. Akaniomba simu, akatazama, akasema taratibu kama anayemwambia mgonjwa: "Sifuri tatu arobaini ni saa tisa usiku. Usiku huu."

Sijawahi kuona beseni linamwagwa haraka vile. Bahati nzuri barabara ya usiku haina foleni. Saa sita tulikuwa uwanjani, miguu yangu ndani ya ndala za mama mkwe.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Saa ya tiketi ikiwa chini ya 07:00, ongeza sita: 03:40 ni saa tisa na dakika arobaini usiku. Ikiwa 07:00 hadi 18:59, toa sita: 15:20 ni saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kuanzia 19:00 toa kumi na mbili, na ukishatoa, toa sita tena: 22:15 ni saa nne na robo usiku. Na ukiona saa inaanza na 00, kama 00:40, ni saa sita na dakika arobaini usiku, lakini tarehe imeshageuka. Ndege ya "Jumapili 00:40" unaifuata Jumamosi usiku, wakati DJ bado anapiga. Usiinunue hiyo, hata ikiwa ya bure.

Nunua tiketi ya kwenda na kurudi pamoja, hata kama hujui mtarudi lini hasa, kwa sababu ofisa wa mpakani atauliza. Acha siku moja nzima kati ya harusi na safari. Na waambie wanaokupeleka kwamba ndege za nje pale Julius Nyerere zinaondokea jengo namba tatu, lile jipya lililofunguliwa 2019. Wazee bado wanakwenda la pili kwa mazoea.

Hatua ya 6: Lipia usiku mbili za mwanzo na moja ya mwisho

Huu ndio uzuri wa kutopanga sana, nao una mipaka. Usiku wa kwanza mtafika mmechoka, hamtaki kuzungusha mabegi. Wa mwisho unataka kuwa karibu na uwanja. Zile za katikati ziache wazi, isipokuwa unakwenda Shelisheli au Morisi ambako watataka kuona pa kulala kwa siku zote. Sisi tulilipia usiku mbili Kigali, tukaipenda Karongi, mji wa kando ya Ziwa Kivu, tulipofika, tukaongeza siku mbili hukohuko kwa kuongea na mwenye nyumba uso kwa uso, na bei ikashuka kuliko ile ya mtandaoni. Ukimwandikia mwenye nyumba ya wageni mapema kwamba ni fungate, pengine utakuta maua kitandani. Sisi tulikuta parachichi sita kwenye kikapu. Nilizipenda zaidi ya maua.

Hatua ya 7: Fedha

Shilingi ya Tanzania ukishavuka mbali na mpaka ni ngumu kubadilisha kwa bei ya haki. Beba dola kiasi, noti mpya zisizokunjika wala kuandikwa. Zile za zamani zenye kichwa kidogo zitakataliwa au kupunjwa. Gawanyeni, nusu kwako, nusu kwa mwenzako. Piga simu benki yako useme kadi itatumika nje, la sivyo itafungwa siku utakayoihitaji. Rwanda kila kitu kinalipwa kwa simu, kwa hiyo mkifika nunueni laini ya hapo. Pasipoti inatosha kusajili.

Hatua ya 8: Begi

Begi moja moja. Bibi harusi ataletewa nguo za kutosha nchi nzima kwenye sherehe zake, zisimtoe akili. Kwa Rwanda bebeni sweta kweli, si shali ya mapambo: Kigali iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na ziwani jioni upepo unauma. Mifuko ya plastiki iache Dar, Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008 na begi linakaguliwa. Viatu nilivyofungia kwenye mfuko wa rambo vilitolewa mbele yangu, mfuko ukaenda pipani. Dawa zako za kawaida, pedi, na vidonge vya tumbo viwe begi la mkononi.

Hatua ya 9: Gawa kazi za nyuma kabla ya kuondoka

Nani anarudisha suti ya kukodi? Nani anakaa na bahasha za zawadi, na zimehesabiwa mbele ya nani? Nani ana funguo za nyumba mpya? Haya yaandikwe kwenye karatasi Ijumaa, yapewe majina. Ukiacha bila jina, utapigiwa simu ukiwa ndani ya boti katikati ya ziwa, mtu anauliza sufuria za wapishi ziko wapi. Wifi alikuwa na namba zetu za Rwanda, watu wengine wote walikuta simu imezimwa.

Hatua ya 10: Mkifika (Kigali na Karongi, kama mfano)

Saa ya Kigali iko nyuma ya Dar kwa saa moja, rekebisheni kabla ya kutoka uwanjani. Mjini pikipiki hubeba abiria mmoja tu na kofia ngumu ni lazima, hivyo maharusi mtapanda mbili. Ya mume wangu ilipotea kwenye vilima, tukakutana dakika arobaini baadaye soko la Kimironko, kila mmoja ameshakasirika. Ukiwa na haraka ya amani, chukua teksi. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na sokoni na stendi kinakusaidia, ila "muraho" (habari) na "murakoze" (asante) za Kinyarwanda zitafungua nyuso zaidi.

Angalia kalenda kabla ya kununua tiketi. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya jamii: maduka yamefungwa, magari hayaendi, na mgeni aliyepanga kusafiri asubuhi ile atakaa. Na wiki inayoanza tarehe 7 Aprili ni ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994. Muziki na starehe huzimwa. Usipeleke fungate yako huko wiki hiyo. Siku nyingine, nendeni kwenye kumbukumbu ya Gisozi kama mna moyo wa kuvumilia. Sisi tulikwenda, na mchana ule hatukuzungumza mengi.

Gorila wa Hifadhi ya Volcanoes waachie safari yenye mpango. Ruhusa huwekwa mapema, na kwa mgeni wa mbali ni dola 1,500 tangu 2017. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bei yetu ya chini, lakini nafasi za siku hiyohiyo ni za kubahatisha.

Ziwa Kivu ndilo lililotupa mapumziko. Mabasi yanaondokea stendi ya Nyabugogo, viti vina namba, yanaondoka kwa saa iliyoandikwa hata likiwa nusu tupu. Hilo peke yake lilimshangaza mume wangu kuliko ziwa. Ni kama saa tatu hadi Karongi, njia ni kona juu ya kona kupitia Muhanga. Mwenye kutapika akae mbele. Rubavu ni maarufu zaidi, ila imepakana na Goma, mji wa Kongo uliotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, na sioni sababu ya kupeleka fungate karibu na mizinga. Karongi iko kusini zaidi na kimya.

Hapo hakuna cha kufanya, na ndiyo raha yake. Mtapanda boti hadi kisiwa cha Napoleon chenye popo wengi ajabu, mtarudi, mtakula samaki. Jioni ya pili tulikaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni tukasikia wanaume wanaimba gizani. Zikatokea boti tatu zilizofungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma kama ndevu za kamba, taa zinaning'inia, wapiga makasia wanaitikiana wimbo ili makasia yaende sawa. Wanakwenda kuvua sambaza. Asubuhi tukaletewa sahani yake, zimekaangwa kavu, pilipili pembeni. Mume wangu akaweka moja mdomoni, akanyamaza, akasema, "Hawa ni dagaa wa Kigoma." Nikamcheka. Mwenye nyumba akasema hakukosea: samaki hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Rudini Kigali siku moja kabla ya ndege, si asubuhi ya safari, kwa sababu barabara ya milima ikiharibika haina njia ya mkato. Uwanja wa Kigali mizigo inakaguliwa getini kabla hata ya kulifikia jengo, hivyo ongezeni nusu saa. Na aliyewapeleka ndiye atakayewapokea: mpeni saa ya kutua kwa maneno, kwa saa za Dar, si kwa picha ya tiketi. Sisi tulimwandikia shemeji: "Tunatua saa tisa alasiri, Jumapili, jengo la tatu. Alasiri, mchana kweupe." Akajibu, "Nimeelewa. Mama anauliza ndala zake ziko wapi."